Sanduku la baba linanuka ukungu, nianzie wapi?

Msomaji mmoja wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Ujanani alifanya kazi shamba la mkonge, baadaye akawa karani wa reli mpaka kustaafu. Ameacha sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda miaka mingi: picha, barua, stakabadhi za mshahara, madaftari, kanda kumi na moja za kaseti, na barua za babu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo nyumbani hakuna anayezisoma. Linanuka ukungu. Kaka mkubwa anataka picha zigawanywe kwa watoto sita. Mpwa wangu anasema atapiga kila kitu picha kwa simu, kisha karatasi zichomwe. Shangazi ameshapeleka cheti kimoja kufanyiwa leminesheni. Lipo pia bunda la barua lililofungwa kwa uzi wa katani, sijalifungua. Nianzie wapi? Na je, nipeleke serikalini?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Mungu ampe kauli thabiti.

Anza na watu, kabla ya karatasi. Mwambie mpwa wako asichome hata kipande kimoja. Mwombe shangazi asipeleke cheti kingine steshenari. Kaka mkubwa mwombe, kwa heshima zake, mgawo usubiri mpaka masika yaingie. Kisha litoe sanduku chini ya kitanda, liweke juu ya meza katika chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na usipange chochote. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu najua mkono unavyowasha.

Nalijua kwa kuwa niliwahi kupanga. Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika kazi ya kutunza nyaraka nilipokabidhiwa mzigo wa familia moja ya huku pwani. Nikaona vurugu, nikatenga: picha huku, barua huku, stakabadhi huku. Siku tatu nikamaliza, meza ikapendeza macho. Wiki iliyofuata akaja binti wa marehemu, akaniuliza: "Ile picha ya mtoto iliyokuwa ndani ya barua ya Korogwe iko wapi?" Picha za watoto zilikuwa zaidi ya arobaini. Barua za Korogwe zilikuwa saba. Barua moja ilisema "nakuletea picha ya mwanao", basi, bila jina. Nilikaa na yule mama mpaka adhuhuri tukijaribu kuzirudisha, tusiweze. Mtoto yule hana jina mpaka leo, na aliyemvua jina ni mimi.

Ndiyo maana fani yetu ina kanuni mbili ambazo hazijazeeka: vitu vya mtu mmoja visichanganywe na vya mwingine, na mpangilio aliouacha mwenyewe usivunjwe. Baba yako alikuwa karani, mtu aliyelipwa kujua karatasi gani inakaa wapi. Stakabadhi ikiwa katikati ya daftari, huenda alikuwa akilinganisha hesabu. Picha ikiwa ndani ya barua, huenda ilisafiri nayo. Kwako inaonekana rundo, kwake lilikuwa kabati.

Kwa hiyo fungua sanduku na ulipige picha kutoka juu kabla ya kugusa kitu. Toa tabaka la kwanza, lilaze mezani kwa mfuatano uleule, piga picha tena. Endelea hivyo mpaka ufike chini. Kila kitu au kila fungu lipe nambari kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni: 1/1, 1/2, yaani tabaka la kwanza, kitu cha kwanza, cha pili. Katika daftari jipya andika nambari hiyo, ni kitu gani, na kilikuwa pamoja na nini. Usisome barua hatua hii. Ukianza kusoma utalia, au utacheka, na jioni itaingia ukiwa kwenye tabaka la kwanza.

Kama nafasi ipo, kazi hii ifanye Januari na Februari, kaskazi ikivuma, wakati mvua ni chache. Kufungua sanduku katikati ya masika ni kuongeza unyevu juu ya unyevu. Kuvu huamka hewa inapokaa juu ya unyevu wa asilimia 65 kwa siku kadhaa, na sisi wa Tanga tunaishi humo sehemu kubwa ya mwaka. Sanduku lako nalo ni la bati, na lilikaa karibu na sakafu: usiku bati linapoa, maji yaliyomo hewani yanashika kwenye kuta zake za ndani kama jasho kwenye chupa ya soda, asubuhi karatasi zimeyanywa.

Najua desturi yetu ni kuanika. Tafadhali usianike juani. Jua hufifisha wino, hukunja karatasi na kupinda picha. Tandaza barazani kivulini, juu ya kitambaa safi, na kama ni ndani, washa feni lakini ielekeze ukutani, upepo uzunguke tu. Vikikauka kabisa ndipo upanguse ule unga wa ukungu kwa brashi laini mpya, ukisukuma kuelekea nje, ukiwa umevaa barakoa nzito, ile ya N95. Mwenye pumu asikaribie. Kitambaa kibichi kiache kabisa, kwa sababu kinaupaka ukungu mahali ulipokuwa haujafika. Dawa ya mbu usipulizie, na vidonge vya nafthalini usivitie sandukuni: mvuke wake unadhuru vifua vyenu na hauzuii ukungu.

Juu ya glavu watu wengi wameona filamu. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri ndiyo salama, maana glavu za pamba zinakunyima hisia, na karatasi iliyochoka huchanika kwa mvuto mdogo tu. Kwa picha na negativu, yaani zile filamu zilizotolewa picha, vaa glavu za nitrili za duka la dawa, kwa kuwa alama ya kidole chenye jasho na mafuta inabaki kwenye picha na kujitokeza baada ya miaka. Pini za stepla na klipu zilizoota kutu zitoe polepole: telezesha kipande cha karatasi ngumu chini ya pini, inua miguu yake, ndipo uivute. Rababendi iliyoyeyuka na selotepu ya zamani usizing'oe. Andika tu kwenye daftari kwamba zipo.

Katika sanduku hili si vitu vyote vinavyozeeka kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Zinakimbilia picha ya babu ya nyeusi na nyeupe ya 1955 kwa sababu ndiyo kongwe. Picha hiyo, ikiwa kavu, inaweza kuwazika wajukuu zenu. Inayokufa haraka ni picha ya rangi ya miaka ya 1970 na 1980. Angalia za harusi ya wazazi wako kama zipo: utaona nyuso na kuta zimeelekea wekundu. Rangi ya samawati ndani ya karatasi huwa inaondoka kwanza, hata gizani, na hairudi. Hizo ndizo za kuskaniwa mapema.

Na mbele ya hizo zote, kanda. Ukanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo inaupenda unyevu. Zaidi ya hapo, redio kaseti nzima zimebaki chache, na fundi anayejua kubadilisha mpira wake ni wa kutafuta mtaa kwa mtaa. Kabla hujaicheza hata moja, angalia ukingo wa juu wa kaseti. Kuna vijiplastiki viwili vidogo. Vivunje, au hakikisha vimeshavunjwa, ili mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya asifute sauti ya baba. Tazama pia ndani, katikati ya ukingo wa chini, kama kile kisponji kidogo kinachosukuma ukanda bado kimeshika. Kikiwa kimedondoka, fundi anaweza kukipachika kingine. Ukiona unga mweupe juu ya ukanda, hiyo ni kuvu, usiicheze, kwani utauambukiza mkanda unaofuata kupitia kichwa cha redio. Kichwa hicho kisafishwe kwa pamba na spiriti safi kabla ya kila kanda. Ndipo uchukue waya kutoka tundu la hedifoni mpaka kwenye kompyuta, urekodi kwa faili la WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Kanda ya dakika 60 itakula takriban gigabaiti moja. Icheze mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho, bila kuisimamisha ili usikilize tena pale palipokuchoma moyo. Utasikiliza baadaye kwenye nakala.

Msizichague kwa lebo. Wazee wetu walikuwa wakirekodi juu ya kanda za dukani. Kanda iliyoandikwa Black Star au Lucky Star, vile vikundi vya taarabu vya Tanga, inaweza kuwa na taarabu upande wa kwanza, na upande wa pili salamu za msafiri kwa wazazi wake, jogoo akiwika nyuma.

Negativu zikinuka siki zitenge peke yake siku hiyohiyo, kwa sababu plastiki yake imeanza kuoza na mvuke huo unaharakisha kuoza kwa jirani zake. Picha zilizogandamana usizibandue kwa kisu wala kwa mvuke wa chai. Zile zilizo ukutani ndani ya fremu, kama sura imeshika kwenye kioo, iache kwenye kioo chake na uipige picha hivyohivyo, simu ukiwa umeiinamisha kidogo mpaka mng'ao uondoke. Na albamu zenye kurasa za kunata chini ya plastiki, zilizoenea sana zamani, ni mbaya kuliko bahasha ya kaki. Picha iliyo huru itoe. Iliyoshika iache, skani ukurasa mzima.

Sasa majina, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Mpwa wako ana haki ya kuona simu yake inaweza kuokoa sura. Lakini simu haimjui aliyesimama wa tatu kutoka kushoto. Anayemjua ni shangazi yako, na shangazi yako ana umri. Mkalishe barazani baada ya swala ya alasiri, mpe picha moja mkononi, washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, kisha nyamaza. Usimuulize "huyu nani?" kama karani wa mahakama. Mwache aseme "hii ilikuwa siku tuliyotoka Pangani," na kutoka hapo majina yatakuja yenyewe. Picha kumi kwa siku zinatosha, akichoka anaanza kubahatisha. Katika daftari andika alichosema na kwamba yeye ndiye aliyesema. Mzee mwingine akisema tofauti, andika yote mawili bila kufuta. Sisi si waamuzi, na mara nyingi nimeona baada ya miaka barua ikaibuka na kumthibitisha yule tuliyedhani amesahau.

Jina liandikwe nyuma ya picha pembeni, kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa juu ya kioo au meza ngumu. Kalamu ya wino inapenya, na mkandamizo wake unajitokeza usoni mwa mtu. Picha za karibuni zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, kwa hizo andika kwenye bahasha kabla ya kutia picha ndani.

Palipokosa tarehe, karatasi zenyewe zinasema, ukijua kuzisikiliza. Chukua stakabadhi moja ya baba yako uisogeze dirishani. Kichwa cha karatasi kikitaja Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kwa Kiingereza, ujue ni kati ya 1948, ziliposhikanishwa, na 1969, bandari zilipotengwa. Ikitaja shirika la reli peke yake, bado la Afrika Mashariki, ni baada ya hapo mpaka jumuiya ilipovunjika 1977. Stempu yenye jina la Tanganyika peke yake inakuweka kabla ya muungano wa 1964 au jirani nao. Hesabu ikiwa kwa shilingi ya Tanzania si ya kabla ya 1966. Nyuma ya picha kuna mhuri wa studio, wakati mwingine una mtaa na sanduku la posta, usiukate unapozitia fremu.

Na kwa kuwa mzee alipita kwenye mkonge, tafuta kadi ndogo ngumu yenye vyumba vingi vilivyopigwa alama. Hiyo ni kipande, kadi ya kazi ya siku 30. Kila chumba ni siku moja aliyotimiza kazi yake ya kukata majani na mnyapara akaikubali. Vyumba vitupu navyo vina habari: huenda alikuwa na homa, huenda alikwenda kuzika. Nimewahi kushika moja iliyokuwa na utomvu mkavu wa mkonge kwenye kona, doa la kahawia umbo la dole gumba. Doa kama hilo usilisafishe.

Kuhusu barua za babu kwa hati ya Kiarabu, usimpe mtu yeyote asili yake aende nayo nyumbani kusoma. Mpe nakala iliyochapishwa kubwa. Na msomaji wenu asiwe mjuzi wa Kiarabu tu. Ni Kiswahili kile, tena cha kwenu, na hati hiyo kama ilivyotumiwa na wengi wa zamani haikuwa na herufi pekee kwa kila sauti yetu. Neno moja lenye umbo la *bata* linaweza kuwa bata, pata, au mbata. Mwalimu kijana aliyesomea nje atasoma bata. Mzee wa Mtang'ata anayejua kwamba babu yako aliuza nazi atasoma mbata mara moja, na barua nzima itageuka kuwa ya biashara. Wakae wote wawili. Tarehe zake zitakuwa za Hijria: mwaka 1380 ulianza Juni 1960, na kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia, hivyo utakadiria. Andika zote mbili, ya asili kwanza.

Barua hizo maji yasizifikie hata tone, wino wa masizi unaondoka na maji. Ukiona badala yake mistari ya kahawia iliyoanza kutoboa karatasi, huo ni wino wa chuma, unaila karatasi kutoka ndani. Hiyo usiikunje wala kuikunjua mara mbili. Ilaze wazi baina ya karatasi mbili nyeupe, ibaki hivyo. Na vipande vilivyovunjika vyenye bismillahi au aya visifagiliwe. Vitie kwenye bahasha yenye nambari ya barua yake.

Vyombo vya kuhifadhia ndivyo watu wanavyodhani lazima viagizwe Ulaya. Maboksi maalumu yasiyo na asidi yapo na ni mazuri, ila usisubiri. Nenda sokoni ununue marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo bibi zetu waliijua kabla ya kanga. Ifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, mpaka wanga wa kiwandani uishe, kwa maana wanga ni chakula cha mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha. Hiyo ndiyo ya kuzungushia madaftari na bunda la barua. Masanduku yawe ya plastiki yenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake, hiyo ni polipropilini, haitoi mvuke mbaya. Mifuko na kurasa za PVC ziepuke. Ukisikia ile harufu kali ya pazia jipya la bafuni, ndiyo hiyo. Lakini plastiki inayofunga kabisa ifungwe juu ya vitu vikavu tu, vinginevyo umefungia ukungu ndani ya nyumba yake. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu ni vidogo mno kwa sanduku zima. Nunua silika jeli ya kilo, ile inayobadilika rangi ikishiba maji, uikaushe kwenye oveni na kuirudisha. Sanduku likae kwenye chumba cha katikati ya nyumba, shubiri moja na nusu juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa na maji, na lisigusane na ukuta. Baada ya kila masika na kila vuli, lifungue ukague.

Mpwa wako sasa mpe kazi yake, kwa sababu kijana mwenye ari akikosa kazi atafanya ya kwake. Kwa picha ndogo atumie skana, dipiai 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, faili la TIFF. Picha moja ya sentimita 10 kwa 15 itakuwa kama megabaiti 25, kwa hiyo picha 400 ni gigabaiti 10 tu. Barua zitoshe kwa 300 au 400. Skana ikikosekana, simu ya megapikseli 12 inafikia takriban 300 kwenye ukurasa wa A4, ikishikwa sambamba na karatasi, karibu na dirisha lisilo na jua, bila flashi. Apige mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu, na bahasha pia. Faili liitwe kwa nambari ya daftari lako, mfano 1-07-nyuma, wala si "baba akiwa kijana". Asizitume kwa WhatsApp kama picha, kwa kuwa inazibana na kupoteza ubora. Azitume kama dokumenti. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, ile vijana wanaiita eksteno, na moja mbali na nyumba hiyo, kwa ndugu aliye Dar au Arusha au mtandaoni. Fleshi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Kila mwaka mtu mmoja afungue faili kadhaa aone kama bado zinafunguka.

Akimaliza yote hayo, bado karatasi hazichomwi. Skani ya 600 haionyeshi mkunjo wa barua iliyokaa mfukoni, na haiwezi kuskaniwa tena kwa mashine bora ya miaka ijayo.

Hapo ndipo penye jibu la kaka yako. Kila mtoto apate albamu yake iliyochapishwa vizuri, picha zote, majina chini, asiwepo wa kulalamika kwamba fulani kapata ya harusi na yeye kapata ya mazishi. Asili ibaki pamoja, kwa mtu mmoja mliyemwafiki. Andikeni karatasi moja ya makubaliano: nani anatunza, nani ana nakala, nani atapokea mtunzaji akifariki au akihama, na kwamba hakuna kinachouzwa bila wote sita. Watie saini. Na ukikutana na talaka, deni, au karatasi ya hospitali, itie kwenye bahasha yake, iandike daftarini, kubalianeni wajukuu waisome baada ya muda gani. Usiitoe sandukuni kwa siri. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa kumlinda marehemu, kisha barua tano zilizobaki zikamfanya aonekane mwongo, kwa kuwa barua iliyomweleza haikuwepo.

Kile cheti kilichofanyiwa leminesheni kiache. Joto lile limeunganisha plastiki na karatasi, kukibandua ni kukichana. Kama ni cha kuzaliwa au cha kifo na mtakihitaji kwa mirathi, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndiyo mahali pa kuomba kingine.

Serikalini inafaa, ila si kwa kukimbia mzigo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo kwa sheria ya 2002, na katika hazina zake kuna nyaraka za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Humo utasoma mambo ya watawala wenyewe kwa wingi. Reli ya Tanga iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911 ina majina ya magavana na wahandisi yaliyotunzwa vizuri. Karani aliyeandika bidhaa zinazoingia behewani, na alichomwandikia mkewe usiku huo, hayumo. Ndiyo sababu sanduku la baba yako lina uzito kuliko linavyoonekana pale mezani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, nao huenda wakazitaka barua za babu. Hapo kwenu yapo makumbusho ya Urithi kwenye Boma ya zamani. Popote mtakapokwenda, nendeni na daftari kwanza, msibebe sanduku. Ulizeni kama wanapokea asili au nakala, kama ni zawadi au amana, nani ataruhusiwa kusoma, na familia itaruhusiwaje kurudi kuona. Majibu yawe kwa maandishi kabla kitu hakijatoka nyumbani.

Limebaki bunda la uzi wa katani. Usilikate. Lipige picha pande zote sita, na fundo ulipige kwa karibu sana. Subiri lipate wiki mbili za hewa kavu, kwa sababu katani iliyovuta unyevu inabana na inaweza kukata kingo za karatasi unapovuta. Fundo lifunguliwe kwa ncha butu ya mti, polepole. Uzi wenyewe utiwe kwenye bahasha na upewe nambari kama barua. Kisha barua zitoke moja moja kutoka juu, kila moja ikibaki ndani ya bahasha yake, mpangilio usiguswe hata kama tarehe zimepishana. Mwiteni shangazi awepo. Na anayefungua awe kaka yako mkubwa. Wewe shika penseli na daftari.